Gapi katika Chumba cha Kizuka

Mtu akiingia dukani kwangu Mchafukoge kwa mara ya kwanza, huenda moja kwa moja kwa samaki wa dhahabu. Namwacha. Anawatazama wanavyotingisha mikia, anaonyesha kidole, anasema anataka wawili pamoja na bakuli la kioo la mviringo kama aliloliona kwenye picha. Hapo ndipo namwambia ambalo wauzaji wengine hawamwambii. Samaki wa dhahabu ni mlafi, anachafua maji, anakua kuzidi kiganja cha mtu mzima, na bakuli ni jela kwake. Akigeukia samaki malaika, mwenye mapezi marefu kama kanzu, namwambia huyo ana madaha lakini humeza wadogo zake. Samaki mpiganaji ni mzuri kuliko wote, ila hakai na dume mwenzake. Mwisho nampeleka kwenye tangi la pembeni, kwa gapi. Gapi hafiki urefu wa kidole changu cha mwisho, anakula kidogo, anavumilia maji yetu na joto letu, na anazaa bila kuombwa. Wateja wangu ni mahoteli, maofisi na madaktari wa mji huu, na sijaona aliyerudi kulalamika. Stashahada yangu ya ufugaji wa samaki, niliyoisomea Ujerumani kwa lugha niliyojifunza ukubwani, iko ukutani juu ya kaunta, kila anayelipa aisome. Sioni haya kuitaja. Niliitafuta mwenyewe, sikubebwa na mjomba wala shangazi. Lakini ukiniuliza gapi nilimjulia wapi, sitakutajia chuo. Nitakutajia chumba kimoja cha Kariakoo, na mwanamke tuliyemzika mwezi uliopita.

Mwanamke huyo ni Bi Mwanakombo, aliyekuwa mwenye nyumba wangu. Matanga yake yalikuwa Ilala, kwa binti yake Rehema. Nilikaa mkekani na wanawake wengine, tukila wali kwenye sinia, na Rehema, ambaye sasa naye ana mvi, akanishika mkono mbele yao. "Mama mdogo, waambie hawa. Nawaambia mimi nilitangazwa na samaki, wanasema ni majonzi yamenipanda kichwani." Wakacheka, kicheko kile cha msibani cha kuziba mdomo kwa upande wa khanga. Niliwaambia. Na nilipofika nyumbani niliona kwamba nimewasimulia kwa kukatakata, kwa sababu sinia lilikuwa linaita. Sasa naandika yote.

Ulikuwa mwaka ambao soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linajengwa, na wauzaji wametawanyika mitaani na vikapu vyao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, msichana kutoka Masasi, Mkristo, nimepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili ya Bi Mwanakombo: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na pipa la maji. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha wagonjwa kwa daktari wa meno, Mhindi mmoja mpole aliyeitwa Daktari Merali, ghorofa ya kwanza ya jengo la Mchafukoge. Chumbani kwa wagonjwa aliweka tangi la kioo lenye samaki. Alisema mtu anayetazama samaki husahau jino. Nilishuhudia mwenyewe: watu waliingia wameshika mashavu, na baada ya muda mfupi wanabishana ni yupi mkubwa kuliko wenzake. Kumbuka kwamba Bara hatukuwa na televisheni. Daktari alinifundisha kulaza maji ya bomba kwenye ndoo mpaka dawa itoke, kupima chakula kwa ncha za vidole, na kuwatambua. Gapi dume ni mdogo, mkia kama khanga mpya, na pezi la chini ya tumbo limesokotwa kama kijiti. Jike ni mkubwa, hana rangi, na pezi lake ni la kawaida. Alinifundisha mara moja tu. Mimi ni mtu wa kufundishwa mara moja.

Jengo lilipotaifishwa, Daktari Merali alikaa kidogo, kisha akaamua kumfuata kaka yake Kanada. Daktari aliyepokea chumba alinibakiza kazini lakini hakutaka kusikia habari za ndoo za maji. "Felista," Daktari Merali aliniambia siku ya kufunga masanduku, "nimewaza nani nimpe. Jirani yangu atawasahau. Mpishi atawakaanga. Chukua wewe." Basi nikakodi mkokoteni, tangi nikalifunga kwa magodoro ya kiti, samaki wakiwa kwenye ndoo mbili kati ya miguu yangu, tukakata Mnazi Mmoja hadi Kariakoo. Msukuma mkokoteni alikuwa anapiga kelele, "Kioo! Kioo hicho! Pisha mama samaki!" Na Kariakoo, ukimwambia mtu apishe, lazima kwanza achungulie.

"Dada, hao dagaa wamekufanyia nini mpaka unawapandisha gari?" akauliza muuza mihogo.

"Hao si wa kula," nikamjibu.

"Si wa kula, si wa kuuza. Basi wamekuoa!"

Mtaa mzima ukacheka. Nilikaa wima juu ya mkokoteni, shingo imenyooka. Hata leo nikipita mtaa ule na gari langu nashusha kioo.

Chumba changu kilikuwa upande wa jua, bati moja kwa moja, na hakikuwa na umeme. Pampu ya hewa inataka umeme, na samaki hawataki kuchemka. Chumba chenye kivuli na soketi kilikuwa kimoja tu, cha mbele, cha Bi Mwanakombo mwenyewe. Na Bi Mwanakombo wakati huo alikuwa kizuka. Mume wake, Mzee Athumani, fundi cherehani aliyeshonea barazani, alikuwa ameanguka ghafla akijiandaa kwenda kuswali, mzima wa afya, hakuugua hata mafua. Mjane akakalishwa eda: mavazi meupe, hakuna wanja, hakuna manukato, hatoki nje, haonekani na mwanamume asiye wa nyumbani, hadi miezi ile minne na siku zake ziishe. Alikuwa mwanamke wa makamo, hakujaliwa mtoto. Tangu maziko alilala ameuelekea ukuta, akijibu watu kwa "mm" na "mm-mm". Nilipoingia kuomba nafasi ya tangi sikutarajia jibu. Akageuka. "Wanapiga kelele?" akauliza. Nikasema samaki hawana sauti. "Basi walete. Wanaokuja hapa wote wana sauti."

Aliyeisimamia eda ile alikuwa wifi yake, Bi Tatu, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Alihamia kwetu siku ya maziko na virago vyake, akapika, akafagia, akapokea wageni, akafukuza wengine. Hakuwa mbaya. Alimpenda kaka yake kupita kiasi, na alichobakiza cha kaka yake ni ile eda, kwa hiyo aliilinda kama mtu anavyolinda moto wa mvuani. Alilitazama tangi kwa siku kadhaa. Kisha jioni moja, akiwa anachambua mchele mlangoni, akaniita.

"Wewe Felista. Humo ndani mna madume?"

"Wamo, bibi."

"Mbele ya kizuka?"

"Ni samaki, bibi."

"Sikukuuliza ni nini. Nimekuuliza kama ni madume."

Kutoka kitandani Bi Mwanakombo akasema taratibu, "Wifi, basi na mbu dume nao uwatoe."

"Mbu hawakujipamba," akajibu Bi Tatu. "Hawa hebu watazame. Bwana harusi gani amevaa hivi? Mwanamke hana ruhusa hata ya wanja, halafu wao wanamzungushia mikia."

Hapo alikuwa amenishinda, kwa sababu ni kweli gapi dume hujipamba kwa ajili ya majike. Nikaleta kichujio cha chai, nikaanza kuwatoa mmoja mmoja, naye amesimama mgongoni kwangu. Gapi madume wakatoka, wakaenda kwenye karai chumbani kwangu. Moli weusi madume, jamaa za gapi, wakatoka, kwa alama ileile ya pezi. Tukafika kwa samaki wa dhahabu.

"Huyu mnono je?"

"Huyo hajulikani, bibi. Mpaka wakati wa kuzaana."

"Hajulikani? Basi atoke, akajulikane hukohuko nje."

Samaki malaika naye hajulikani, akatoka. Mpiganaji nilimtoa kabla sijaulizwa, akaenda kuishi kwenye chupa ya jemu juu ya meza yangu. Wa dhahabu na malaika waliishia kwenye pipa la uani, ambako walimaliza viluwiluwi wote wa mbu na kunenepa. Tangini wakabaki gapi majike na moli majike, wanawake watupu, wakizunguka taratibu na matumbo yao. Bi Tatu akainama, akawakagua kama anayenunua nyanya. "Sasa nisikilize. Nikija kuona dume humu, hata mmoja, wewe na sanduku lako la maji mtatafuta nyumba siku hiyohiyo. Sitaki eda ya kaka yangu ichezewe." Hakuwa anatania, na mimi nilielewa hasa maana yake. Msichana asiye na ndugu mjini, Mkristo, aliyefukuzwa nyumba ya msiba kwa kumchezea kizuka, asingepata chumba kingine Kariakoo yote, kwa sababu wenye nyumba wote walifahamiana msikitini na kisimani. Bila chumba hakuna kazi. Ningerudi Masasi kubangua korosho, na mengine yote ninayojivunia leo yasingekuwepo.

Naukumbuka ule wakati kwa chakula chake. Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana wali wa nazi na mchicha, na karibu kila siku samaki, kwa sababu Bi Tatu hakuhesabu chakula kuwa chakula kama hakina samaki. Alikuwa anakaanga samaki changu mpaka mapezi yanalia kwenye meno. Bi Mwanakombo, aliyezaliwa pwani, aliyelelewa kwa samaki, akaanza kuisogeza sahani. "Harufu tu, wifi. Siiwezi." Bi Tatu akabadilisha: akampikia wa nazi, akampikia wa ukwaju, akamletea ng'onda mkavu. Sahani zote zilirudi uani, na Bi Tatu akanirukia mimi.

"Ni wewe! Mtu wa pwani anakataa samaki? Unamkalisha anatazamana nao macho kwa macho kutwa kucha, atawalaje? Si wameshakuwa jamaa zake!"

Wanawake wa uani wakaafiki wote. Mmoja alisema shemeji yake alifuga kuku mmoja akampa jina, na tangu hapo hagusi hata yai. Nilikuwa karibu kuamini mimi mwenyewe. Niliingia nikamwambia Bi Mwanakombo kwamba kama ni tangi linalomzuia kula, nitalitoa. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mto, nuru ya maji inamchezea usoni. "Ukiwatoa hao nitatazama nini? Ukuta nimeshaumaliza." Kisha akateremsha sauti. "Ukipita mtaani niletee ndimu, mwanangu. Na embe bichi, kama lipo. Usimwonyeshe wifi." Nilimletea. Alizilamba ndimu na chumvi kama mtoto, akinieleza majina aliyowapa majike. Mwenye tumbo kubwa alimwita Bi Harusi. Niliona fahari kwamba samaki wangu wamemrudishia mtu sauti. Sikuona kingine. Nilikuwa mjuzi wa samaki, si wa wanawake wajawazito.

Punde baada ya madume kutolewa, Bi Harusi alizaa, na baadhi ya wenzake pia. Vifaranga kama nukta zenye macho. Hapo hapakuwa na ugomvi. Nilieleza kwamba walikuwa na mimba tangu kwa daktari, na Bi Tatu, aliyezalisha wanawake wengi mtaani, akakubali. Niliwahamisha vifaranga kwenye karai jingine chumbani kwangu ili mama zao wasiwale. Lakini zaidi ya mwezi ukapita, na asubuhi moja nikiwa naweka khanga yangu sawa niende kazini, nikasikia sauti ya Bi Tatu ikipita ukumbi mzima. "Felista! Felista wa samaki! Njoo hapa!" Nikakuta amepiga magoti mbele ya tangi. Bi Harusi alikuwa amezaa tena. Maji yamejaa nukta.

"Mimba moja, uzazi mmoja," akasema Bi Tatu. "Hiyo ya kwanza nilikuachia. Hii ya nani?"

Nilikuwa nimewatoa madume wote kwa mikono yangu, na nilikuwa najua kazi yangu. "Hamna dume humu, bibi."

"Kwa hiyo wamejizalia tu? Kama magugu?"

Wapangaji wakajaa mlangoni, wanawake kwa watoto. Niliwaona wakinitazama kwa namna ambayo watu humtazama mtu anayekaribia kubeba mizigo. Nikasema, "Nileteeni sahani nyeupe." Ikaletwa. Nikamtoa samaki mmoja baada ya mwingine kwa kichujio, nikamweka sahanini na maji kidogo, nikamwonyesha Bi Tatu pezi la chini ya tumbo. Jike. Jike. Jike. Sikuharakisha. Tangi likabaki tupu, hamna kitu ila mchanga na mapovu ya pampu.

Bi Tatu akasimama. Nilidhani nimeshinda. "Dume hayumo sasa," akasema. "Lakini alikuwemo. Unamwingiza, unamtoa. Karai lako lina madume, nimeliona. Umeichezea eda ya kaka yangu. Kafunge mizigo."

"Hakumwingiza mtu," ikasema sauti ya kitandani.

Wote tukageuka. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa, ushungi mweupe umemteleza mabegani. "Wifi, mimi sijatoka chumba hiki tangu mlipotoka na jeneza. Nimekula hapa, nimeswali hapa, nimelala hapa. Wewe mwenyewe ulihakikisha. Macho yangu yapo kwenye kioo kile mchana kutwa. Kama dume angeingia, nani angemwona kabla yangu?"

Na Bi Tatu ndiye aliyemlinda mjane asitoke hata barazani. Hakukuwa na shahidi safi kuliko huyo Dar es Salaam nzima.

"Basi watoto hawa wametoka wapi?"

"Kwa baba yao," akasema Bi Mwanakombo. "Ameondoka, nao wamebaki na chake. Si ndiyo maana na mimi nimekalishwa hapa, wifi? Si ili mjue kama nimebaki na cha kaka yako?"

Akaweka kiganja juu ya tumbo lake, juu ya ile nguo nyeupe, akakiacha hapo.

Bi Tatu aliutazama mkono ule, akautazama uso, kisha akakaa chini sakafuni kama mzigo uliokatwa kamba.

"Kweli?"

"Kweli."

"Na hukusema!"

"Mimba zile zingine nilizisema mapema, zikatoka zote. Hii niliogopa kuitaja hata kwa ukuta."

Bi Tatu akajifunika uso kwa khanga, mabega yakapanda na kushuka. Alipofunua uso machozi yalikuwa yamemlowesha mpaka kidevuni, lakini sauti ilikuwa imerudi yote. "Ndimu! Nilinusa ndimu humu nikasema pua yangu inanidanganya! Na samaki! Mimi nimezalisha mtaa mzima, mwanamke anakataa changu mbele yangu, halafu nakwenda kumlaumu dagaa wa kioo!" Wanawake wakapiga vigelegele, vya chini kwa heshima ya eda, kisha mmoja akajisahau na kupiga cha juu kabisa. Bi Mwanakombo alicheka. Mimi nilikuwa bado nimeshika kichujio, samaki wanangoja kwenye ndoo. "Wewe unasimama nini?" Bi Tatu akaniambia. "Warudishe watu kwao. Hujui kuwa hawa ni wazazi?"

Sikufunga mizigo. Eda, kama sheria inavyotaka, iliendelea mpaka kuzaa, na katika muda wote ule Bi Tatu ndiye aliyetoka asubuhi na kopo kuwatafutia samaki viluwiluwi kwenye mapipa ya majirani, akiwagombeza kwa uchafu wao huku akivua. Rehema alizaliwa chumba kilekile, tangi likiwa miguuni pa kitanda. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa darasani ugenini, mwalimu alieleza kwamba gapi jike huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi na kuzaa tena na tena bila kumwona. Akauliza kama kuna aliyewahi kushuhudia. Nilinyoosha mkono peke yangu. Akataka kujua nilithibitishaje kwamba hakuna dume aliyeingia. Nikamwambia, kwa Kijerumani changu cha wakati ule, kwamba nilikuwa na shahidi aliyefungiwa na tangi chumba kimoja, na kwamba walinzi wa mpaka wa nchi yake hawakufikia ukali wa yule aliyemlinda. Mtihani wa somo lile niliongoza.

Wiki iliyopita Rehema alikuja dukani. Aliniamkia, nikaitikia, akazunguka matangi yote taratibu kama mamake alivyokuwa akitazama. Samaki wa dhahabu aliwapita. Malaika aliwapita. Akasimama kwa gapi. "Nataka niweke tangi pale alipokuwa analala mama," akasema. "Kitanda kimeondolewa, ukuta umebaki mtupu, siwezi kuutazama." Nilichukua kichujio, kile kile cha chai, nimekihifadhi, nikamchagulia majike wazima wenye matumbo mazuri. Akauliza, "Dume huniwekei, mama mdogo?"

"Alishapita," nikamwambia, nikafunga mfuko.